Ukingo wa Kushoto

Kompyuta ya Makongoro, mpiga picha, ilifika Musoma kutoka Mwanza ikiwa imeviringishwa blanketi kwenye buti la basi. Soko huria lilikuwa limeshaleta mitumba, redio na viwanda vya minofu ya sangara. Sasa likaleta mashine inayoweza kumtoa mtu kwenye picha bila kuacha alama ya wembe.

Jumatatu asubuhi Makongoro alikunywa chai ya rangi, akaanza kuipanga. Kwenye sehemu ya kukropu, yaani kupunguza picha pembeni, walioitengeneza walikuwa wameweka vipimo vyao. Akavifuta, akaweka vyake: kila picha ikifunguliwa, fremu ijitokeze yenyewe, juu, chini na kulia isipunguze kitu, kushoto iache nje upana wa mtu mmoja aliyesimama. Akahifadhi. Tangu hapo mashine iliamka hivyo kila siku.

Sababu ilikuwepo. Familia zikija studio, mwenye mji hukaa katikati, na yule asiyejulikana awekwe wapi husimama mwisho kushoto: msichana wa kazi, mtoto wa nje, shangazi aliyerudishwa na mume. Kumwacha nyumbani ni vibaya, majirani watasema. Lakini baadaye baba mtu hurudi peke yake, huinama mezani na kunong'ona, "Yule wa pembeni pale, unaweza...?" Jasho linamtoka. Makongoro alikuwa na huruma, jamani, msimseme vibaya. Alitaka kuwaondolea watu aibu ya kunong'ona.

Waliokatwa kwenye picha walianza kuja studio wiki ileile. Wa kwanza alikuwa msichana wa kazi, kwao Kibara. Alitoa shikamoo, akakaa kwenye benchi la wateja, akavuta gauni lifunike magoti. Kwa bosi wake alikuwa haonekani tena, kwa hiyo alikuja kukaa pale alipobakishwa. Wateja walimwomba asogee kidogo, akasogea. Benchi lilipojaa, Makongoro alimwita fundi apige jingine.

Sasa huyu Makongoro naye alikuwa na picha yake. Kwao ni Nyamuswa, na alizaliwa katika nyumba ntobhu, ambako mwanamke humwoa mwanamke. Nyamburi hakujaliwa mtoto, akatoa ng'ombe, akamwoa msichana aitwaye Gati ili amzalie. Gati akazaa, na watoto wakawa wa Nyamburi. Nyamburi ndiye waliyemwita mama. Gati, aliyembeba Makongoro tumboni na mgongoni, walimwita Gati tu.

Mchumba wa Makongoro, Ursula, alikuwa binti wa katekista mmoja wa Butiama, mzee Felisian, mtu asiyecheka ovyo. Kabla ya kikao cha posa, ambacho kingefanyika kwa akina Makongoro, mzee aliomba picha ya familia ili ajue anaozesha kwa watu gani. Makongoro akaenda Nyamuswa na kamera. Nyamburi alikaa kwenye kiti, wadogo zake Makongoro wakachuchumaa mbele, na Gati, bila kuambiwa, akaenda kusimama mwisho kushoto, mikono ameinyoosha kushika ubavu wa kiti.

Alipoifungua ile picha kwenye mashine, fremu ilijitokeza yenyewe. Gati alikuwa nje yake. Makongoro hakugusa kitu. Alijiambia kwamba si yeye, ni mashine ilivyopangwa, utadhani aliyeipanga alikuwa Mzungu. Aibu ilimpanda mpaka masikio yakawa ya moto. Akabonyeza, ikakata.

Gati aliingia mchana uleule, na kanga yake ya shambani.

"Karibu, Gati," alisema Makongoro.

"Asante, baba. Kule sionekani tena. Nyamburi ananiita, naitika, hasikii."

"Umekula?"

"Nitakula baadaye. We fanya kazi yako."

Hakulaumu. Makongoro angeona afadhali kama angelaumu. Jioni Ursula alipita kuchukua picha ya kwao, akamwamkia Gati shikamoo, akaitikiwa marahaba mwanangu.

"Mama huyu ni nani? Mbona pua ni yako kabisa?" Ursula aliuliza.

"Mteja," alisema Makongoro.

Gati aliangalia mlangoni, kama mteja. Makongoro alitamani sakafu immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji.

Haukupita muda, Nyamburi akashuka kwenye basi la Nyamuswa, akaja moja kwa moja studio. Hakungoja kuamkiwa.

"Makongoro! Ulezi unaliwa na ndege. Maji hakuna, kuni hakuna. Mrudishe huyo!"

"Mama, nikimrudisha, wakwe watauliza ni nani."

"Nani kakwambia namtaka kwenye picha? Namtaka shambani. Siku zote alikuwaga analima, na hakuna aliyeuliza sura yake."

Gati alikuwa amekaa katikati yao, akisikiliza. Makongoro akafungua vipimo. Kuirudisha fremu mahali pake kulikuwa ni kazi ya kidole kimoja, na alijua, na Gati alijua kwamba anajua. Alisogeza ukingo wa kushoto kidogo. Kidogo tena. Ulipofika kwenye vifundo vya mikono, akaacha. Pale ubavuni mwa kiti ilionekana mikono miwili tu, na mzee Felisian angeweza kudhani ni nakshi. Akahifadhi iwe hivyo kwa picha zote.

Nyamburi alirudi na basi la mchana akakuta mtungi umejaa. Kwenye nyumba nyingine za mjini nako vyombo vilioshwa siku ile, na wateja wakasifu mashine. Kwenye mabenchi watu walikaa wamekunja mikono ya magauni iliyobaki mitupu.

Gati aliangalia vifundo vyake vilivyobaki bila viganja. "Sasa nitakulaje, baba?"

"Nitakulisha mimi," alisema Makongoro, hakuweza kumtazama. Na alimlisha kweli, kila mchana, mlango ukiwa umerudishwa ili wateja wasione.

Siku ya kikao alifunga studio, akaenda Nyamuswa. Wageni kutoka Butiama walipokelewa vizuri mno. Mzee Felisian aliitazama picha, akamtazama Nyamburi, akasema kijana ametoka kwa mama mwenye heshima. Chakula kikawekwa. Mikono miwili ikaingia na birika na beseni, ikamnawisha mzee, ikamnawisha Nyamburi, ikamnawisha Ursula. Mzee alisema asante.

Makongoro ndiye aliyekuwa wa mwisho. Kwenye kidole chake kulikuwa na wino wa printa. Mkono mmoja ukaweka birika chini, ukakishika kile kidole, ukakisugua taratibu kwa dole gumba mpaka kikatakata, kama anavyosafishwa mtoto kabla ya kanisa. Ursula aliona.

"Mikono ya nani hii?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Kila mtu alikuwa anamngoja Makongoro aanze kula. Mikono ile nayo ilikuwa imetulia juu ya beseni, inangoja.

"Ni ya hapahapa nyumbani," alisema Makongoro, akamega ugali.