Jina la Ndila

...na mbona wote wananitazama mimi, kwani mimi ndiye niliyemzaa, kazi yangu hapa ni kuogesha tu, Jumamosi nakuja na wamama wa kanisa, naogesha watoto, nafua nepi, jioni navua aproni narudi kwangu nikiwa nimeridhika na nafsi yangu, hilo ndilo nililojiandikishia, sio hili la kuulizwa jina mbele ya watu, "Mama Mulinge, si useme kitu," anasema Syombua, msimamizi wa makao ya watoto, kalamu iko hewani, "Jumatatu kliniki watataka jina, hatuwezi kumuita mtoto, mtoto, kila siku," na mimi nampangusa huyu mdogo nyuma ya masikio ambako nimeshapangusa mara tatu, ili nisijibu, ana sabuni mwili mzima, Mungu wangu, asiteleze... Mamake alifika kituo cha afya peke yake, uchungu umeshamshika, akajifungua, akafa kabla hajaulizwa anaitwa nani, hakuna aliyekuja kumtafuta, na mimi jana usingizi ulinikataa, kwa sababu jina ninalo, liko hapa kooni, Ndila, jina la mama yangu, na nikilitoa limetoka, haliwezi kurudishwa... Mulinge wangu alichukua la babake mume wangu, mdogo wake Muli akachukua la baba yangu, kisha madaktari wakanitoa kizazi, wasichana basi, na ndugu yangu Gedion ana wavulana watupu na amesema amefunga duka, kwa hiyo mama amekaa tu kule kaburini bila mtu wa kuitika jina lake, nami nikaona, huyu hapa, msichana, nikampigia Gedion simu asubuhi, loo, "Nzisa, umerukwa na akili? Jina la mama unampea mtoto wa kuokotwa? Unajua ni wa nani? Kesho akitokea kuwa mwizi, watu waseme Ndila ameiba?" na akakata, Gedion hukata simu kama anayefunga mlango wa zizi... lakini sio Gedion anayenitisha, nisijidanganye, ni lile neno linalofuata, maana kwetu mtoto akishabeba jina la mamako humuiti mtoto tena, unamuita mwaitu, mama yangu, unamsalimu kwa heshima, unamchagulia nyama laini, na mama yako huwezi kumuogesha Jumamosi halafu umuache hapa kwenye kitanda cha chuma kati ya wenzake kumi na tatu, ukaenda zako kupika ugali, je, watu wakija kutoka mbali wamchukue, wana haki, sheria inawaruhusu, nitasimama pale getini nikipunga mkono wakati mama anaondoka kwa mara ya pili?... "Kama jina ni shida," anasema Madam Yvonne kutoka mlangoni, taratibu, yeye ndiye aliyetuletea tanki la maji, "hata langu mnaweza kutumia, nitafurahi," na Syombua anacheka, "Yvonne ni zuri, Madam, lakini tuko na mmoja tayari anatambaa," "Basi awe Yvonne mdogo," na wanacheka wote wawili, na sina neno na huyu mama, bila tanki lake tungekuwa bado tunachota mtoni, jina lake ni zuri, linaandikika haraka, nikinyamaza kidogo tu litaandikwa na mimi nitakuwa salama, nitarudi nyumbani nikiwa na mama yangu mzima mfukoni... salama, ndiyo, na huruma je, pasta alisema toeni kile kinachowauma kukitoa, nami nikapeleka mapazia yangu mapya, nikajisifu kimoyomoyo njia nzima, huruma yangu bwana, naivaa Jumamosi na kuitundika Jumamosi hiyohiyo... na mama mwenyewe angesemaje, tuseme ukweli, mama hakuwa malaika, ukimuomba chumvi anauliza ya kupikia nini, wageni hakuwapenda, huyu mtoto hata hafanani naye, mama alikuwa na pengo na mdomo mkali, angesema, Nzisa, jina langu si leso ya kuazimana... ngoja, ngoja kwanza... wodini, kule Kitui, mama alipolazwa, kitanda cha pili, yule Raho, mke wa mfanyabiashara wa mbuzi kutoka Tseikuru, alikuwa anamuuguza binti yake Hamdi, mimi nikiwa kwenye foleni ya dawa, nikarudi nikamkuta amemuinua mama, amemtegemeza mgongo, anamnywesha uji kwa kijiko, Kikamba hajui, dini si moja, anamwambia, "Kunywa, mama, kidogo tu, mama," na mimi nikasimama pale mlangoni nikingoja mama afoke, maana namjua, afoke kwamba wewe nani, nani mama yako hapa, lakini mama akameza, akamshika yule mwanamke mkono, akasema, "Ĩĩ, mwanangu"... aliitika... mama yangu, mchoyo wa chumvi, aliitika kwa mtu asiye wake, na hakuuliza ni wa nani, wala Raho hakuuliza, na nilifikiri nilikuwa nimesahau uji ule, nilifikiri ulikuwa uji tu... sasa mimi ninalinda nini, jina ambalo mwenyewe alishaligawa?... bado naogopa, sitasema siogopi, Gedion atanuna hadi Krismasi, watu wanaweza kuja kweli na gari na kumchukua, basi, nitalia, kwani nani alisema hii kazi haina kilio, atakwenda na jina ambalo kuna mtu duniani analiulizia, na nyumbani leo itabidi nikae chini na mume wangu Muindi kabla hajawasha redio, nimwambie kuna mtu wetu amelala makao ya Kibwezi kwenye kitanda cha chuma... "Mama Mulinge, niandike Yvonne?" anauliza Syombua, kalamu bado iko hewani, Madam bado amesimama mlangoni, maji kwenye beseni hata hayajapoa, na mimi nitasema, nitasema sasa hivi, acha tu nimfunge vizuri kwanza asishikwe na baridi... inua mkono, mwaitu, na huu mwingine, hivyo, usilie, wanatungoja.