Samaki Anayekula Machicha

Ndoto ya usiku wa jana ilinikuta jikoni, nakamua nazi. Kifumbu ninachochujia tui kikaniambia, "Bi Siwema, leo mikono yako haina nguvu. Unamfikiria nani?"

Nikakijibu kuwa namfikiria mama. Amefariki zamani. Sura yake ninayo, mapishi yake ninayo, ila sauti yake imenitoka kabisa, na jambo hilo linaniuma.

"Kamuulize kaka yangu," kikasema. "Yeye huchuja bahari nzima."

Nageuka, jikoni hakuna ukuta, kuna bahari. Humo kalala samaki mrefu kama msikiti wetu pamoja na madrasa yake, kinywa wazi, jino hata moja hana. Ukoo wake ulikwisha duniani kabla mnazi wa kwanza haujaota, lakini adabu ni adabu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Siku nyingi sijaamkiwa."

"Naitafuta sauti ya mama yangu."

"Imeingia sasa hivi, pamoja na vidudu vya maji. Nikimaliza kuchuja nitameza."

Sikungoja zaidi. Nikachukua bakuli, nikazunguka mpaka kwenye matamvua yake, pale shavuni maji yanapotokea, nikachutama chini yake. Mtu wa pwani hafundishwi hili: tui hutoka, machicha hubaki.

Maji yakatoka mengi. Bakuli likanung'unika kwamba ni chumvi tupu.

"Unakinga nini huko nyuma?" samaki akauliza.

"Tui."

"Tui mimi namwaga. Nakula machicha."

Upuuzi wa namna hii sijapata kuusikia kwa mtu mzima. Lakini maana yake ni kwamba sauti ya mama imebaki ndani, na yeye anaanza kufumba kinywa.

Hapo hofu ikanishika. Sikuomba ruhusa. Nikalikumbatia shavu lake kwa mikono miwili, nikalisokota na kulikamua kama mama alivyonifundisha.

"Bibi, mimi si chombo chako," akasema taratibu, kisha akapiga chafya.

Kitu kikanipita juu ya kichwa, kikaenda zake. Nageuka, niko kwenye foleni ya zahanati. Watu wote wamegeuza shingo, wanakisindikiza kwa macho.

"Kimesema nini?" namuuliza mwanamke aliye mbele yangu.

"Si kilikuwa kinakuita wewe? Sisi tulidhani umesikia."

Nikaamka nalia, kilio cha kwikwi, kama aliyefiwa jana.

Mume wangu Makame alikuwa ameketi kitandani, ametega sikio. Huyu alinioa mama ameshazikwa. Hakupata kumwona wala kumsikia.

"Mgeni gani huyo uani alfajiri hii?" akauliza. "Anakuita muda wote, huitiki."

"Anaitaje?"

"Kwa jina lako, vipi tena? Ila ana kithembe."

Kile kithembe nilikuwa nimekisahau. Nikaitika pale pale kitandani, "Labeka, mama."