Nondo Kwenye Mkono wa Fundi

Kituku alikuwa fundi wa nguo mjini Voi, na sifa zake zilifika mpaka Rukanga. Sare za wanakwaya, suti za harusi, mapazia ya hoteli, vyote vilipita kwenye cherehani yake. Kisha asubuhi moja, akiwa anakata kitambaa, mkasi ulimponyoka, na yeye mwenyewe akaanguka. Hospitalini wakasema ni kiharusi. Alirudi nyumbani akitembea kwa kuburura mguu, na mkono wake wa kulia ulikuwa umekufa ganzi kabisa. Hata ukiufinya, ilikuwa kama umefinya mkono wa mtu mwingine.

Alijifungia ndani. Wateja waliokuja kumjulia hali waliambiwa na mkewe, Mukonyo, kwamba amelala. Mukonyo alimwogesha, akamfunga vifungo, akamkatia nyama sahanini, na kwa yote hayo hakuambulia neno ila malalamiko kwamba maji yamekuwa moto mno.

Jirani yao alikuwa Mzee Wanyonyi, mstaafu wa reli aliyefiwa na mkewe. Mzee huyu alikuwa na jambo lake ambalo mtaa mzima ulilishangaa: alikuwa akitega nondo, wale vipepeo wa usiku. Jioni aliweka taa juu ya ndoo bustanini kwake, karibu na mwarobaini, na ndani ya ndoo akapanga trei tupu za mayai. Nondo walivutwa na mwanga, wakateleza kwenye faneli iliyokuwa mdomoni mwa ndoo, wakajificha katika vishimo vya trei. Kulipokucha aliwatoa, akawatazama, akawaachilia waende zao. Hakuwaua wala hakuwauza. Alipenda tu kujua ni nani amemtembelea.

Mvua za Novemba zilipoanza, Wanyonyi alibisha hodi kwa jirani yake. Mukonyo akamwambia, kama alivyozoea, kwamba mgonjwa amelala. Mzee akajibu kwamba hakuja kwa mgonjwa, amekuja kwa fundi. Alitaka ashonewe shuka jeupe lenye vitanzi pembeni, alitundike nyuma ya taa, maana nondo wakubwa walikuwa wakikataa kuingia kwenye ndoo.

Kituku alimsikia kutoka chumbani. Akajikokota mpaka sebuleni, hasira zimemjaa, akamuuliza kama hauoni huu mkono.

"Nauona," Wanyonyi akasema. "Lakini ushonaji ulikuwa unaujua kabla mkono haujaugua, na bado unaujua."

Akaacha kitambaa mezani, akaenda zake. Kitambaa kilikaa pale mpaka Kituku akachoka kukitazama. Akamwambia Mukonyo aketi kwenye cherehani, ambayo miaka yote hakuwahi kumruhusu aiguse. Akasimama nyuma yake akimwelekeza: kunja hapo, punguza kasi ya mguu, usikivute. Mshono wa kwanza ulikwenda upogo kama njia ya mbuzi. Kituku akacheka. Mukonyo akasimamisha cherehani akamgeukia, kwa kuwa kicheko hicho hakuwa amekisikia tangu siku ya kuanguka.

Shuka lilipokwisha, Wanyonyi aliwaalika waje kuliona likifanya kazi, ila wawahi kabla ndege hawajawala wageni. Asubuhi iliyofuata walikwenda pamoja, Mukonyo amemshika mumewe kiwiko. Shuka lilikuwa limejaa. Kulikuwa na nondo wadogo kama punje za mchele, wengine weupe kama karatasi, na katikati ametua mmoja mpana kama kiganja, rangi ya kahawia, mabawa yake yana madoa mfano wa macho.

Mzee akampandisha yule mkubwa kwenye kijiti, akamwambia Kituku anyooshe mkono. Kituku akasogeza wa kushoto, ulioshika bakora yake ya kutembelea.

"Huo una bakora," Wanyonyi akasema. "Lete mwingine."

Mukonyo akauinua ule mkono mgonjwa, akaufungua kiganja. Nondo akashuka juu yake, akatembea polepole, akaanza kutetemesha mabawa apate joto la kuruka. Kituku akamwinamia. Kisha akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao wa kwanza.

"Mama Mumo, miguu yake inanitekenya."

Mukonyo alidhani amesikia vibaya. Akamuuliza inamtekenya wapi.

"Hapa, kidoleni. Namsikia anavyotembea."

Nondo akaruka, akapotelea kwenye majani ya mwarobaini. Kituku hakumfuata kwa macho. Alikuwa akimtazama mkewe.

"Asante," akamwambia. "Kwa kuniogesha, kwa vifungo, kwa kila kitu. Aibu ndiyo iliyonifunga mdomo."

Mukonyo akajifuta machozi kwa leso.

Daktari aliwaeleza baadaye kwamba huenda mishipa ilikuwa imeanza kuamka yenyewe kidogo kidogo. Mkono haukupona wote. Sasa Kituku hupima na kuchora chaki kwa kushoto, Mukonyo hukata na kushona, na kibao cha duka kina majina yao yote mawili.

Krismasi ilipofika walimpelekea mzee kuku na shati alilolishona Mukonyo. Kituku akaanza kutoa shukrani ndefu, lakini Wanyonyi akamkatiza. Akasema tangu mkewe afariki, kila akimpata nondo mzuri alikuwa akigeuka kuita mtu, halafu anakumbuka hakuna wa kuitika.

"Siku hizi nikiita, mnakuja," akasema.

Akalivaa shati palepale, juu ya lile alilokuwa nalo, akawakaribisha ndani.