Ngozi ya Ng'ombe wa Karatasi

Mwaka 1954 nilimuuza ng'ombe wangu pekee kwa shilingi mia moja, nikanunua karatasi tano. Hisa, walisema. Watu wa kijijini kwetu Ndalambo walinicheka mpaka wakachoka. Nilichojua ni kwamba watu thelathini tulichanga tukanunua mashine ya kusaga nafaka kule Msangano, na kila mwenye karatasi ana fungu lake ndani ya mashine. Fungu lipi? Gurudumu? Mkanda? Hakuna aliyenieleza.

Mwaka ukapita, faida haikuja hata senti. Ikaja habari kwamba mashine imekufa. Hapo Boazi mwenye duka akaanza kupita nyumba kwa nyumba, ananunua hisa kwa shilingi nane kila moja.

"Nakuonea huruma tu, Mama Nesta," aliniambia. "Zako tano ni arobaini. Kesho kutwa jioni napita kuzichukua."

Jirani yangu Fides alikuwa ameshauza zake. Nikaogopa, nasema kweli. Yule ng'ombe ndiye mali yote aliyoniachia marehemu mume wangu, na shilingi arobaini hazirudishi ng'ombe.

Lakini nilipokuwa napepeta ulezi, jambo moja lilinikaa moyoni. Kwetu, asiye na malisho humweka ng'ombe wake kwa mtu wa Kamsamba, kwenye majani mengi. Mlishaji anakunywa maziwa, ndama ni wa mwenyewe. Na mwenyewe ana haki ya kwenda kumwona bila kutoa taarifa. Ng'ombe akifa, mlishaji lazima alete ngozi. Bila ngozi hajafa huyo, ameuzwa. Sasa hisa zangu si ng'ombe niliyemweka kwa watu? Mbona ngozi sijaiona?

Kesho yake alfajiri nikashika njia. Nilifika Msangano miguu imevimba, nikamkuta Efraimu, karani wa mashine, anakula mhogo mlangoni.

"Nimekuja kuona ngozi," nikamwambia.

Akaacha kutafuna. Nilipomweleza, hakucheka. Aliniingiza ndani akanionyesha ekseli, chuma kinachozungusha jiwe, imekatika vipande viwili, kisha akafungua daftari. Mapato ya miezi tisa hayakuliwa. Yamenunua ekseli mpya na jiwe la pili la kusagia, na vyote vinangoja lori Mbeya.

"Faida hatukuigawa, mama. Tumeirudisha kwenye mashine. Mwezi ujao tutawaeleza wote mkutanoni."

"Kwa hiyo hatoi maziwa kwa sababu ana mimba."

Akafikiri. "Ana mimba. Lakini mimba nayo huharibika. Lori likipinduka, tumekwisha. Siwezi kukuahidi kitu."

Kwa neno hilo nikamwamini. Nilipokuwa naaga akaniambia, "Wewe ni wa pili kuja kuuliza. Wa kwanza alikuwa Boazi, wiki tatu zilizopita."

Hasira zilinipanda hadi utosini. Siku ya pili, njia nzima ya kurudi, nilimtukana kwa Kinamwanga, maana Kiswahili changu hakitoshi kwa kazi hiyo.

Jioni akaja, pesa amezifunga kwenye leso. Akaziweka juu ya mkeka. Sikuzigusa.

"Bwana Boazi, mtu hununua ng'ombe aliyekufa amfanyie nini?"

"Ni huruma tu, mama."

"Nimetoka Msangano sasa hivi. Ngozi sikuiona."

Akazitazama pesa zake, akautazama mlango. Kisha akasema polepole, "Basi ishirini na tano kwa kila moja."

Mimi nilinunua kwa ishirini. Nikamrudishia leso yake mkononi, nikamfungulia mlango.

Nilifurahi mno, nikakimbia kwa Fides kumsimulia. Nilimkuta uani amejifunga khanga mpya aliyonunua kwa pesa za Boazi. Akageuka huku na huku ili niione vizuri, akaniuliza kama inampendeza.

Nikamwambia inampendeza.