Kompyuta Nzito Chumbani kwa Mama

Jumamosi asubuhi Fundi alipiga magoti chumbani kwa Mama, akafungua ubavu wa kompyuta ya michezo kwa bisibisi, akatikisa kichwa.

"Dada, hii imechoka. Prosesa mpya haikai kwenye bodi hii. Ukibadilisha bodi, na memori nazo zinabadilika. Ni kama kuoa: unadhani umechukua mmoja, kumbe umebeba ukoo."

Msusi, kitindamimba wa nyumba ile, alisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mwingine nje. Vipuri vipya vilikuwa kwenye boksi juu ya kabati, zawadi ya timu yake ya mbio za magari za kwenye kompyuta. Timu ilikuwa imechoka kumngoja. Gari lake lilikuwa likimaliza mbio wenzake wameshalala, wakaamka, wakanywa na chai. Walimpa hadi Jumatatu: abadilishe mashine au ampishe mwingine.

Uzito ule wa mashine ulianzia kwenye mchezo, ukahamia kwenye feni, kisha ukaenea chumba kizima. Hata mashine ikizimwa, chumba kilibaki na mwendo wake wa polepole kwa saa kadhaa, kama pasi inavyobaki na moto. Chai ya Mama ilifuka mvuke kutwa. Jirani wa mlango wa pili aliwahi kuingia kwa dakika kumi kumalizia habari za mpangaji mpya, akatoka akakuta maharage yameungua na mumewe amesharudi kutoka kazini. Siku hizi alizima jiko kwanza, ndipo aje kuteta.

Daktari alimpa Mama wiki mbili za kuishi. Hiyo ilikuwa miezi mitano iliyopita. Kwa hesabu ya chumba zilikuwa zimepita siku kumi na moja, na mbili kati ya hizo aliziharakisha Fundi. Alikuwa amepuliza vumbi, mashine ikachangamka, chumba kikaenda sawa na saa ya sebuleni mpaka vumbi liliporudi. Siku hizo mbili Mama alipoteza nguvu ya kushika kikombe.

Mama alikuwa akimsubiri mwanawe mkubwa. Msusi alitoka kwenda sebuleni akampigia simu.

"Mama vipi?" kaka aliuliza.

"Yupo. Anakuulizia."

"Si umesema yupo? Basi haraka ya nini? Wiki ijayo, bila kukosa."

"Umeshasema hivyo mara ngapi, Kaka?"

"Na mara zote yupo, au siyo?"

Msusi alirudi mlangoni. Mama alikuwa amefumbua macho. Midomo yake ilitangulia, maneno yakafuata nyuma kama wageni waliochelewa shughuli.

"Mwanangu, mwache Fundi afunge hivyo vitu, ukacheze na wenzako. Kaka yako nikifa atakuja. Kwenye mazishi huyo hakosi. Atashika na koleo, watu wamwone."

"Mama nawe!"

"Nimekosea?"

Hakuwa amekosea. Msusi akakaa kwenye kizingiti. Chumba kikikimbia, kaka angefika, akute jeneza. Kikienda polepole, asingekuwa na sababu ya kufika.

"Dada, amua," Fundi alisema, bodi mpya mkononi. "Mimi hapa nina robo saa, lakini najua huko nje mke wangu ameshaanza kunitafuta."

"Humo ndani kuna memori ngapi?"

"Mbili."

"Chomoa moja."

Fundi alimtazama, akamtazama Mama, akachomoa. Aliipangusa ile memori kwa shati na kuiweka juu ya kabati pamoja na bodi mpya. Akawasha mashine. Feni ikajizungusha kwa shida. Mvuke wa chai ukasimama juu ya kikombe, haupandi wala haushuki.

Jumatatu timu ilimpa mtu mwingine nafasi yake. Msusi akahamishia kiti chake cha kusukia karibu na mlango ule, upande wa nje. Wateja wakaja na stuli zao, jirani akaja na habari zake, nyumba ikajaa.

Kaka akapiga simu. "Mama vipi?"

"Yupo."

"Basi wiki ijayo."

Chumbani, Mama alikuwa ameanza kuuliza kaka amesemaje. Swali lilikamilika Alhamisi.