Bobini Yenye Kitambi

Tangu kiharusi kilipompoozesha mke wangu Suzanne mkono wa kulia, mashini yake ya kushona ilikaa imefunikwa. Ni mashini ya kale: mkono wa kushoto huongoza kitambaa, wa kulia huzungusha gurudumu. Lakini alikuwa amemwahidi mjukuu wetu Tania gauni jeupe la kipaimara, na kitambaa alikikata kabla ya kuugua; naye binti yetu Julie alikuwa amekwisha kukata shauri: Jumamosi angenunua lililo tayari katika soko la Likasi.

"Gauni la sokoni!" alisema Suzanne, akaigeuzia mashini mgongo.

Siku ya Ijumaa niliifunua mashini. "Mama Julie, nitakuwa mkono wako wa kulia."

"Weye? Mwalimu wa hesabu leo ni fundi?"

Nilianza na bobini, kile kigurudumu kidogo kinachobeba uzi wa chini. Niliipachika kwenye kizungushio, nikazungusha kwa nguvu huku kidole changu kikiuelekeza uzi. Niliona nimefanya vema.

"Angalia! Iko na tumbo sawa shefu, mkubwa wa mtaa."

"Uzi ni uzi," nilijibu.

Alitega kitambaa chini ya sindano. Tulishona mshono mmoja. Alipoupindua, uzi ulikuwa umekaza hapa, umelegea pale.

"Fumua."

Nilifumua, nikaondoa na uzi wote wa bobini. Nilipotaka kuijaza upya, alisogeza kiti upande wangu, akauinua mkono wa kulia kwa msaada wa ule wa kushoto, akaweka kidole juu ya uzi.

"Kidole hicho hakina nguvu," nilimwambia.

"Uzi hautaki nguvu. Zungusha polepole. Polepole, nimesema! Unakimbilia treni ya Kapolowe?"

Maisha yangu yote nimeamuru, nikatiiwa. Sasa nilifuata mwendo wa kidole kinachotetemeka, kikienda kulia, kikisita, kikirudi kushoto. Kilipokwama, nami nilisimama, nikangoja bila kukigusa. Ni kazi ngumu kungoja, ikiwa mkono wako mwenyewe ni mzima.

Bobini ilijaa. Haikupendeza kama zile alizojaza zamani, lakini uzi ulilala sawasawa.

Jumamosi asubuhi Julie aliingia, kikapu mkononi, akatukuta mashinini. Gauni lilikwisha kupata mikono yote miwili na nusu ya upindo.

"Mama, ninaenda sokoni."

"Nenda," Suzanne alijibu bila kuinua macho. "Ulete vifungo. Vidogo, vyeupe. Na weye, Baba Julie, nani amekuambia usimame? Zungusha!"