Njia ya Wakata Nyasi

Mwaka 1951, kipupwe kilipoingia, watu wa upande wa Kamachumu walipata kitu cha kuchekea. Kila Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia ziwa, Mwalimu Penina alijifunga kanga kiunoni, akashika fimbo, akavuka migomba ya mwisho na kuingia rweya, lile pori la nyasi linalokwenda mpaka ukingo wa jabali. Hakuwa na shamba huko, wala mbuzi.

"Mwalimu, umepotelewa na ng'ombe?" wanaume walimwuliza.

"Natembea tu, tata."

"Anatembea tu! Jamani, kusoma kuna mambo."

Lakini hakutembea bure. Chini ya jabali lile, ufukweni, palikuwa na mwalo wa wavuvi ulioitwa Kyenju, na huko aliishi Kokwijuka, msichana wa miaka kumi na miwili aliyewashinda wavulana wote katika mtihani wa darasa la nne. Shule ya huku juu ya jabali, alikofundisha Penina, haikuwa na bweni la wasichana, na barabara ilizunguka jabali zima, maili tisa kwenda na tisa kurudi. Ndyamukama, baba yake msichana, hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Mwanangu si ndege, Mwalimu. Nionyeshe njia ya kupandia asubuhi na kurudia jua lingalipo, nami nitamtoa. La sivyo, anakwenda Bukoba mjini, mtaa wa Bakoba, kwa shangazi yake, akalee mtoto." Mwalimu mkuu, Gamaliel, alikuwa amemshikia nafasi mpaka Jumatatu ya kufungua muhula. Zaidi ya hapo asingeweza.

Penina alifanya jambo ambalo kila mtu angefanya: aliwauliza wazee. Alimwendea Mzee Rutashobya, ambaye kibanja chake cha migomba ndicho cha mwisho kabla ya rweya. Mzee alimkaribisha kwa buni za kutafuna, akanyoosha mkono kuelekea ziwani.

"Nimewinda pimbi kwenye jabali hili tangu sijaota ndevu. Nalijua kama kiganja changu. Hakuna njia. Nyani wenyewe hushuka wakimwomba Mungu."

Wazee wengine waliokuwepo wakaitikia kwa vichwa. Penina alishukuru, akaondoka, na Jumamosi iliyofuata akaingia porini.

Kijia cha kwanza kilimfikisha kwenye miiba na kumwacha huko. Jumamosi ya pili alishuka korongo mpaka akaiona mitumbwi ya Kyenju, midogo kama maganda ya maharage, kisha mwamba ukakatika mbele yake kama ukuta. Ya tatu alirudi na kiatu kimoja. Kingine kilibaki kwenye tope la chemchemi. Hata hivyo, usiku alilala akitabasamu. Alikuwa ameona visiwa vikichomoza katika ukungu kimoja kimoja, amesikia upepo ukipita kwenye nyasi kavu kama watu wengi wanaonong'ona, na moyo wake ulikataa kuamini kwamba nchi nzuri namna ile ingemfungia mtoto mlango.

Jumamosi ya nne ndiyo iliyokuwa ya mwisho. Kufikia saa nne alikuwa ameketi juu ya jiwe, magoti yamechubuka, akitafuta maneno ya kumwambia Kokwijuka. Ndipo walipotokea wanawake, wamejitwika matita ya nyasi za kutandika nyumbani, mundu kiunoni, wakipanda kutoka ukingoni. Mbele yao alikuwa Georgina, mke wa Mzee Rutashobya.

"Mwalimu, jiwe limekuoa?" Georgina alisema, na wenzake wakacheka.

Penina akainuka kuwasalimu kwa heshima, akipiga goti kidogo. Alipokuwa chini hivyo, tone la maji likamdondokea mkononi kutoka kwenye tita la Georgina. Akatazama juu. Kipupwe kile mvua haikuwa imenyesha hata siku moja.

"Mama, nyasi zako zinavuja."

"Ni umande, waitu."

"Umande una mkia?"

Kweli, kati ya nyasi palikuwa pamechungulia mkia wa samaki, ningu mbichi, unang'aa.  Kisha mwanamke mmoja wa nyuma akashindwa kujizuia, akacheka mpaka tita lake likaanguka, na samaki wawili wakatoka wakiteleza.

Georgina hakucheka. "Mwalimu, uliwauliza akina nani habari za njia?"

"Wazee."

"Rweya ni ya nani? Nani hukata nyasi huku, nani hulima huku? Mwanaume akishatoka kwenye migomba yake anakwenda barabarani. Uliwauliza wenye migomba habari za pori." Akatua tita lake. "Njia ipo. Inafika kwenye bapa la mwamba katikati ya jabali, na wake wa wavuvi hupanda mpaka hapo. Sisi tunapeleka ndizi, wao wanaleta samaki. Waume zetu wakijua tunaonana na watu wa mwaloni, watatufungia majumbani. Tuliapa. Hakuna anayesema."

"Basi sitasema," Penina alijibu, na machozi yakamlengalenga. "Lakini Jumatatu Kokwijuka anapoteza shule yake."

"Kokwijuka yupi?"

"Wa Ndyamukama."

Wanawake wakatazamana. "Huyo yuko hapo bapani sasa hivi na mama yake," Georgina alisema polepole. "Anakuja kila wiki."

Penina alihisi kama amepigwa kofi. Alhamisi tu, alipozunguka kwa barabara mpaka Kyenju, alikuwa amemwuliza mtoto yule kama kuna njia yoyote, naye alitikisa kichwa.

Walimshusha. Njia ilijificha nyuma ya kichaka cha mikaratusi michanga, ikateremka kwa ngazi za mizizi, ikapita chini ya mwamba ulioinama. Katika robo saa walifika bapani. Kokwijuka alikuwa akifunga kikapu. Alipomwona Mwalimu, alisimama kama mwizi.

"Ulijua," Penina alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu?"

"Si yangu peke yangu." Sauti ilikuwa ndogo. "Ningesoma mimi, halafu akina mama wote wangepigwa."

 Ziwa lilisikika likipiga mawe chini kabisa. Georgina alimtazama mtoto yule, kisha akachomoa mundu kiunoni.

"Sisi watu wazima tumemwachia mtoto mzigo wetu aubebe," alisema. "Kesho ni ibada. Kazi ni leo."

Mchana kutwa walifyeka. Wa juu walishuka wakifyeka, wa mwaloni wakapanda wakifyeka, wakakata vipandio kwenye udongo, wakatandaza nyasi penye utelezi. Jioni Penina alimfikia Ndyamukama akishona wavu, akamwambia: "Jumatatu, kukipambazuka, njoo na viatu vyako."

Jumatatu Ndyamukama alipanda nyuma ya binti yake akihema, akisimama kila kona na kusema, "Hee! Hata hapa?" Mkewe alikuwa mbele, anacheka chini kwa chini. Walipochomoza juu, wanawake wa rweya waliwapokea kwa vigelegele, na Mzee Rutashobya akatoka migombani na kijiti cha kusugulia meno mdomoni.

"Mmetoka wapi nyie?"

"Ziwani," Georgina alijibu mbele ya watu wote. "Nimekuwa nikienda tangu mwaka wa nzige. Samaki wa kila wiki ulidhani wanaota sokoni?"

Mzee alichomoa kijiti mdomoni. Alimtazama mkewe, akautazama ukingo, akawatazama wanawake wale na miundu yao. Wanaume wenzake walisubiri aseme.

"Mimi nilisema hakuna njia ya wanaume," alijibu hatimaye. "Ya wanawake sikuulizwa."

Kicheko kilichopasuka hapo kilifika shuleni kabla yao. Hakuna aliyefungiwa nyumbani. Ungemfungia nani, wakati wote walikuwa wametoka?

Mwalimu Gamaliel alikuwa mlangoni, daftari mkononi, kengele bado haijalia. Kokwijuka alisimama mbele yake, umande umemlowesha mpaka magotini, nyasi nywelini.

"Unatoka wapi?" aliuliza, kalamu tayari.

"Kyenju, bwana."

"Umekuja kwa njia gani?"

"Kwa miguu yangu."

Akaandika. Penina, mwalimu ambaye kila siku aliwakataza wanafunzi kupiga kelele uwanjani, alirusha kichwa nyuma na kupiga kigelegele mpaka wavulana wakatoka madarasani kutazama.